Nyumba Iliyosazwa na Chamchela

Moksed Ali na Torab Ali walikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na baba yao alipofariki waligawana kila kitu isipokuwa ua. Moksed, mkubwa, alikuwa mnunuzi wa juti, mmea wa nyuzi za magunia. Aliipeleka Narayanganj kwa mashua na kurudi na matofali, mpaka upande wa kaskazini wa ua ule ikasimama nyumba ya pekee ya aina yake hapa kwetu Nayakandi: paa la zege, madirisha ya nondo, na mlango wa mbao za mfenesi, mzito kiasi kwamba waliouleta waliubeba huku wakiimba ili wapate nguvu. Torab, mdogo, alilima mpunga na vitunguu. Yeye alibaki upande wa kusini katika nyumba ya marehemu, kuta za mabua ya juti na paa la mabati.

Hakukuwa na wivu mkubwa kati yao, au kama ulikuwepo ulikuwa ule wa kawaida wa ndugu. Torab alikuwa akisema, "Kaka ana nyumba isiyovuja, mimi nina mke anayevuja maneno. Kila mtu na riziki yake."

Mke huyo ndiye Jobeda. Aliolewa kwetu kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Faridpur, ambako mto umeshakula nusu ya vijiji, na watu wa huko wana ndimi kali kwa sababu hawana kingine cha kurithishana. Mimi nyumba yangu ilikuwa nyuma ya bwawa lao, na asubuhi nyingi nilikwenda kutwanga mpunga kwenye kinu chao cha kukanyaga. Tulikanyaga pamoja, mimi, Jobeda na Sahera, mke wa Moksed.

"Dada, leo umevaa sari mpya," Jobeda angemwambia Sahera. "Anakuja mchumba?"

"Mchumba wangu yuko Narayanganj na magunia yake."

"Magunia yana bahati. Yanakumbatiwa kila siku."

Sahera angeziba uso kwa ncha ya sari na kucheka hadi mguu ukateleza kwenye kinu. Alikuwa mkubwa kwa Jobeda kwa miaka mingi, na hakujaaliwa mtoto. Jobeda alikuwa nao wawili, Parul na Minto. Minto alikuwa bado ananyonya, lakini Parul, aliyekuwa na miaka tisa, aliishi nusu kusini na nusu kaskazini. Sahera ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyemfundisha kusoma Kurani, na usiku wa radi Parul alilala kitandani mwa Sahera, kwa sababu zege halipigi kelele kama bati. Sahera alimwita Mama Mkubwa, na Moksed Baba Mkubwa. Moksed naye hakuwahi kurudi kutoka safari bila kumletea utepe wa nywele au peremende. Haya nayasema mapema ili mtu asije akadhani alikuwa mtu mbaya.

Mwaka ule mvua haikunyesha. Majira ya baridi yalipita makavu, mwezi wa Falgun ukapita, wa Choitro ukapita, na wa Boishakh ukaingia mashamba yakiwa yamepasuka nyufa za kupitisha mkono. Bwawa likawa tope. Tulikuwa tumefunga Ramadhani kwenye joto lile, ndimi zimekauka kama ngozi ya ngoma. Wanaume walitoka uwanjani wakageuza shuka zao ndani nje na kuswali swala ya mvua. Wasichana walizunguka nyumba kwa nyumba na chura ndani ya kapu, wakimwagiwa maji na kuimba. Parul alikuwa mbele yao, gauni lake la manjano limelowa, anatetemeka kwa furaha ya kulowa.

"Mama, chura akishapata mvua tunamfanya nini?" alimuuliza Jobeda.

"Tunamwomba radhi kwa usumbufu."

Siku ya pili ya swala hiyo, jioni, mbingu za kaskazini magharibi zikawa nyeusi. Tufani za Boishakh tunazijua, huja kila mwaka, hung'oa mgomba mmoja na kumwaga maembe machanga, kisha hewa inapoa na watu wanalala vizuri. Basi tulifurahi. Watu walitoka nje. Torab alikuwa amerudi kutoka soko la Saturia na tikitimaji la kufuturia, akaliweka barazani akamwambia mkewe, "Mungu amesikia. Leta bisi na dengu, leo tunafuturu na mvua."

Hiyo adhana ya magharibi hatukuisikia. Wingu lilishuka. Sina namna nyingine ya kusema. Lilikuwa juu, kisha likateremsha mguu, na mguu ule ukagusa ardhi ng'ambo ya shamba la miwa ukaanza kuja. Ulikuwa na rangi ya moshi chini na wekundu ndani yake, na sauti yake ilikuwa kama ndege nyingi zinazotaka kutua mahali pamoja. Mvua ya mawe ilianza, mawe makubwa kama viazi. Mimi niliwatupa wanangu kwenye shimo tulilochimba udongo wa kujengea, nikawalalia. Kilichotokea uani kwao sikukiona. Nimeambiwa na Jobeda, na baadaye nimeambiwa na Sahera, na maneno yao hayakupingana.

Bati la kwanza lilipong'oka, Torab alimnyakua Minto akasema, "Kwa Kaka. Kimbieni." Jobeda alimshika Parul mkono. Ua ule si mpana, lakini upepo uliwaangusha njiani na wakafika kwenye ukumbi wa mbele wa nyumba ya Moksed kwa kutambaa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Torab akaupiga kwa bega. "Kaka, fungua, ni sisi." Akapiga tena. Jobeda alipiga kwa viganja. Na Parul, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuukuta mlango ule umefungwa, aliweka mdomo kwenye upenyo wa mbao na kuita, "Baba Mkubwa, fungua. Mama Mkubwa, ni mimi. Nifungulie."

Ndani kulikuwa na sauti ya mtu anasoma Kurani. Jobeda alisema sauti ile ilipanda. Kila Parul alipoita, ilipanda.

Kisha masikio ya Jobeda yakaziba, na mkono wa Parul ukatoka mkononi mwake.

Alizinduka kwenye kichaka cha mianzi mbali na nyumbani, mkono umevunjika, mwilini hana nguo hata uzi, ana tope tu. Mianzi yenyewe ilikuwa imechunwa maganda. Kijiji hakikuwepo. Hakukuwa na mti wenye jani. Mabati yalikuwa yamejikunja kwenye vigogo kama matambara, na yaliyopita katikati ya watu yalikuwa yamefanya kazi ya panga. Torab tulimpata kwenye shamba la vitunguu, Minto bado yuko kifuani pake. Parul tulimpata kesho yake, na aliyempata ni mimi, na sitasema zaidi. Sanda hazikutosha. Tuliwazika kwa shuka, kwa sari, kwa chochote, shimo moja watu wa familia moja.

Katika uwanda ule wote ilisimama nyumba moja. Ukumbi wake ulikuwa umenyofolewa na madirisha mawili yamekwenda, lakini kuta zilisimama, paa lilisimama, na mlango ulisimama. Moksed na Sahera walitoka wakiwa wazima. Sahera alitoka akapita katikati ya ua, akasimama pale palipokuwa na nyumba ya kusini, na akaanza kuita jina la Parul kwa sauti ndogo kama mtu anayemwita kuku.

Wanajeshi walikuja na mahema, madaktari wakaja, wageni wenye kamera wakaja. Kila mgeni alipiga picha nyumba ile, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kupiga picha. Walimuuliza Moksed, "Ilikuwaje ninyi mkapona?" Siku za mwanzo alijibu akiangalia miguu yake, "Mungu ndiye anayejua. Nilikuwa nasoma Kurani." Hiyo ilikuwa kweli. Akaja maulana mmoja kutoka mjini na msafara wa misaada, akaizunguka nyumba, akagusa ukuta, akasema mbele za watu, "Nyumba haisazwi bila sababu." Wiki iliyofuata mama mmoja kutoka vijiji vya kusini alikuja kuomba udongo wa ukumbini, amfunge nao binti yake aliyekuwa anaharibu mimba. Baadaye wakaja wengi. Walifunga nyuzi kwenye nondo za madirisha. Walileta kuku, walileta maziwa. Mpaka juti inavunwa, Moksed alikuwa hajibu tena akiangalia miguu. Aliangalia juu, na jibu lilikuwa limerefuka.

Jobeda aliishi ndani ya nyumba hiyo. Angekwenda wapi? Kwao mto ulishakula, wazazi walishakufa. Mkono ulipona umepinda. Mwanzoni hakusema neno, na watu walifikiri akili imeguswa. Moksed hakumnyima kitu. Alimpa sari nyeupe ya ujane, alimpa chumba, na wageni wakija alimwonyesha kwa kidole, "Huyo mjane wa marehemu mdogo wangu. Namtunza kama mama yangu mzazi." Wageni walimwombea Moksed dua. Jobeda alikuwa pale nyuma, anawaoshea mchele wageni hao kwa mkono mmoja mzima na mmoja mbovu, na mara kadhaa kwa siku alitoka na kuingia kwa mlango ule.

Mimi nilidhani hakumbuki. Siku moja nilimkuta bwawani anasugua sufuria, nikasema, ili kusema chochote, "Mama Parul, angalau umepata pa kuegesha kichwa." Sisi wote tuliendelea kumwita Mama Parul, hatukujua kumwita vingine.

Aligeuza sufuria. "Mama Kohinur, unajua chakula cha nyumba ile kina ladha gani?"

"Gani?"

"Kitamu. Dada Sahera anapika vizuri. Nakula mpaka nashiba. Ndiyo aibu yangu hiyo."

Ndipo akanieleza habari ya mlango. Aliieleza huku anasugua, polepole, bila kulia. Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu, na mume wangu akasema, "Nyamaza. Bati la paa letu limetoka kwa nani?" Lilitoka kwa Moksed. Mabati ya nusu ya kijiji yalitoka kwake, kwa sadaka za wageni wake. Naye hakumnyima mtu. Nyamaza hiyo ilikuwa nyumba kwa nyumba.

Ulipotimia mwaka, Moksed alifanya hitima kubwa. Masufuria ya wali wa dengu yalipangwa pale pale palipokuwa na nyumba ya Torab, kwa kuwa palikuwa peupe. Maulana yule wa mjini alikuja. Wanaume walikaa kwenye mikeka uani, sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia la magunia tukikoroga. Kisomo kilipokwisha, maulana akamwomba mwenyeji awasimulie waliotoka mbali.

Moksed alisimama. Alikuwa amefuga ndevu, zilimpendeza.

"Ndugu zangu," alisema, "saa ile nilikuwa na Msahafu mkononi. Nikasikia mauti imefika ukumbini kwangu. Inabisha. Inabisha kama anavyobisha mtu. Nikajiambia, Moksed, usifungue, ukimfungulia huyu hutafunga tena. Nikasoma kwa sauti. Ikabisha, nikasoma. Ikabisha, nikasoma. Mpaka ikachoka, ikapita zake."

Watu wakamsabihi Mungu. Karibu yangu Jobeda aliacha mwiko ndani ya sufuria. Akajifunika kichwa vizuri, akapanga ncha ya sari begani, akafunua pazia akatoka. Kwetu mke hasemi na kaka mkubwa wa mumewe mbele za watu, hata jina lake halitamki. Wanaume walimwona anakuja wakafikiri kuna moto jikoni.

"Kaka Mkubwa," alisema, "samahani. Nina swali dogo."

Moksed alimgeukia maulana.

"Hiyo mauti iliyobisha, ilikuitaje?"

Wanaume waligeuka kumtazama Moksed.

"Nauliza kwa sababu nilikuwa nje. Mimi niliisikia ikikuita Baba Mkubwa. Ilisema, Baba Mkubwa, fungua. Ilikuwa imevaa gauni la manjano. Na nyuma yake kulikuwa na mauti nyingine, imembeba mtoto, inakuita Kaka. Na ya tatu ndiyo mimi. Sasa wewe ulizihesabu zote kama moja, au vipi?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya chumvi. Moksed alifungua mdomo, na nilimwona, kwa muda ule tu, akiwa mtu yule wa zamani wa peremende na utepe. Nadhani kama wangekuwa wawili angesema. Lakini maulana aliinua mkono.

"Mama, kaa chini. Huzuni ni ugonjwa, na mgonjwa hahukumiwi. Jamani, mpelekeni ndani apumzike."

Wanawake wawili wakaenda wakamshika. Hakushindana nao. Maulana akaomba dua ndefu kwa waliofiwa, hasa wale ambao akili zao hazikustahimili. Wali ukapakuliwa. Masufuria yalirudi matupu.

Asubuhi yake Jobeda alikuwa anafunga kijifurushi chake Moksed alipokuja kusimama kwenye mlango wa chumba. Sahera alikuwa nyuma yake, na maneno haya nimeyapata kwake.

"Mama Parul, ulitaka nifanye nini?" Moksed alisema. "Ningefungua, upepo ungeingia, paa lingekwenda. Tungekufa sote."

"Huenda."

"Si huenda. Tungekufa."

"Basi ungekufa umefungua."

Moksed akalitazama lile furushi. "Mwaka mzima nimekulisha."

"Umenilisha," Jobeda alisema. "Na jana nilikupa nafasi ya kusema uliogopa. Neno moja tu. Mbele ya watu uliowaambia mengine yote."

"Watu wanahitaji kitu cha kushika, wewe mwanamke. Wamepoteza kila kitu."

"Mimi nilikuwa nimeshika mlango wako."

Akampita na furushi lake. Hakwenda mbali, alivuka ua. Kwa sheria ya mirathi, kwa kuwa watoto walikwenda siku moja na baba yao, sehemu kubwa ya shamba la Torab ilirudi kwa kaka yake, lakini kiwanja cha nyumba ya kusini wazee walimwachia mjane. Pale palipokuwa na majivu ya masufuria alianza kuchimba mashimo ya nguzo. Mimi na wenzangu wawili tulikwenda kumsaidia kufunga mianzi. Hatukuwa wengi.

Wenye midomo walianza kusema Moksed aliwaacha nje makusudi kwa ajili ya shamba. Niliyaleta maneno hayo kwa Jobeda, nikidhani yatamfariji. Alikasirika.

"Uongo. Saa ile hakuna aliyekumbuka shamba. Aliogopa tu. Mimi niliogopa mpaka nikajikojolea, unafikiri simwelewi mtu aliyeogopa? Uoga ningemsamehe, Mama Kohinur. Siku ya mazishi ile ile ningemsamehe. Ila amemchukua mwanangu akamfanya mauti, na anakula wali kwa hadithi hiyo."

Jioni ya siku hiyo Sahera alikuja na sahani imefunikwa. Jobeda alikuwa juu ya ngazi anafunga fungu la nyasi. Sahera akasimama chini, hakujua aiweke wapi.

"Mdogo wangu, nilisikia," alisema. "Nataka ujue. Sikuwahi kukudanganya kwamba sikusikia, nilinyamaza tu. Niliisikia sauti ya Parul. Nilikwenda nikashika komeo. Yeye akanishika mkono."

"Mkono upi?"

"Huu."

"Dada, una miwili."

Sahera alisimama pale na sahani yake. Kisha akaiweka juu ya gogo, akaondoka, sari ikiburuta nyuma yake. Jobeda alimaliza kufunga nyasi, akashuka, akanawa, akala chakula chote. Alikuwa amefanya kazi tangu alfajiri.

Mwaka mwingine ukapita. Wageni waliongezeka, Moksed akajenga ukumbi mpya wa zege mahali pa ule ulionyofolewa, na bomba la maji kwa ajili ya wanaotoka mbali. Jobeda alilima maboga na kufuga bata. Wageni waliopotea njia walimuuliza nyumba iliyosazwa ni ipi, naye aliwaelekeza vizuri tu, "Ile pale, yenye mlango," na wao hawakuelewa.

Siku ya hitima ya pili hakualikwa. Lakini ua ni ule ule, na kipaza sauti hakichagui masikio. Alikuwa ameketi mlangoni kwake anachambua mboga, nami nilikuwa nimekaa naye, kwa sababu mwaka huo sikutaka kukoroga. Tukasikia sauti ya Moksed, imenenepa, imejua pa kupumua.

"Ndugu zangu, shetani ana hila. Alipoona mlango haufunguki kwa nguvu, alijigeuza. Alikuja na sauti ya mtoto. Sauti ya mtoto wa ndugu yangu, niliyempenda kuliko macho yangu. Akaniita Baba Mkubwa. Akaniambia fungua, ni mimi. Ndugu zangu, moyo wangu ulipasuka. Lakini nikajua huu ni mtihani, kama Nabii Ibrahimu alivyopewa mtihani. Nikasoma."

Watu walilia. Tuliwasikia wanalia, wanaume wazima. Jobeda hakuacha kuchambua. Alichagua jani, akalitupa, akachagua lingine. Nilimwangalia vidole tu, sikuweza kumwangalia uso.

"Swali langu limemfaa," alisema.

Hapo ndipo pazia la magunia lilipofunuka na Sahera akatoka. Alipita katikati ya wanaume bila kujifunika uso, mikono yake ina unga wa manjano mpaka viwikoni, na hakumwangalia mumewe wala mumewe hakuacha kusema. Alivuka ua. Alipofika kwetu alisimama kama alivyosimama siku ya sahani.

"Ameanza kuiga sauti yake," alisema. "Jana alikuwa anajizoeza chumbani. Anaiga jinsi Parul alivyokuwa anaita."

Jobeda aliendelea na mboga. Mimi nilisogea, ikabaki nafasi kwenye mkeka. Fungu la kwanza la mboga likaisha.

"Mkeka una kunguni," Jobeda alisema mwishowe.

Sahera akaketi.

Hawakukumbatiana, wala sijawahi kuwasikia wakisema neno samahani. Waligombana kutoka siku ya kwanza: Sahera anatia chumvi nyingi, Jobeda anaamka mapema mno, Sahera hajui kufuga bata. Siku nyingine Jobeda alikaa asimsemeshe tangu asubuhi hadi kulala, na Sahera alijua ni kwa nini, na alikaa kimya akisubiri ipite. Lakini Jobeda hakumfukuza, na Sahera hakurudi kwa mumewe.

Moksed alikuja kumchukua mara moja tu. Nilikuwepo, nilikwenda kuazima mundu. Alisimama nje, hakuingia, amevaa kanzu nyeupe, ameshika fimbo ya fedha aliyoletewa na mgeni. Alizungumza taratibu, kwa heshima, kama anavyozungumza siku hizi na kila mtu.

"Rudi nyumbani, Sahera. Watu wanauliza uko wapi. Niwaambie nini?"

Sahera alikuwa amechuchumaa anawamwagia bata pumba. Hakugeuka.

"Waambie nimechukuliwa na upepo."

Jobeda, ndani, alicheka. Tangu siku ile ya wingu sikuwa nimemsikia akicheka, na haikuwa ile ya kwenye kinu, ilikuwa kavu na ilimkwaruza koo mpaka akakohoa. Moksed alisubiri kidogo, labda akidhani kuna neno lingine. Kisha akavuka ua kurudi kwa wageni wake. Majira ya baridi alioa binti kutoka Dhamrai, na binti huyo akamzalia mwana, na wageni wakasema hiyo nayo ni baraka ya nyumba.